Sura ya Sita: PCB, PCM na Mbu wa Idete

Oktoba 1994 jarida la tiba la Uingereza, Lancet, lilichapisha matokeo ya chanjo ya malaria iliyojaribiwa Idete, kijiji cha mashamba ya mpunga magharibi mwa Ifakara. Chanjo yenyewe iliitwa SPf66, kazi ya Manuel Elkin Patarroyo wa Kolombia. Watoto 586 wa umri wa kati ya mwaka 1 na 5 walipata dozi zote tatu, wengine za chanjo halisi, wengine za chanjo bandia. Pedro Alonso na wenzake walipomaliza hesabu zao waliandika kwamba chanjo ilipunguza malaria kwa asilimia 31. Kisha wakaongeza kipande ambacho msomaji wa haraka hukiruka: kwa takwimu walizokuwa nazo, ukweli ungeweza kuwa popote kati ya asilimia 0 na asilimia 52.

Kipande hicho ndicho kilichobeba habari yenyewe. Mwaka uliofuata matokeo ya Gambia yalikuja hafifu, na mwaka 1996 ya Thailand hayakuonyesha faida yoyote. SPf66 ikawekwa kando.

Watoto wale wa Idete leo ni watu wa miaka thelathini na kitu, na baadhi yao wana vijana wanaojaza Selform, fomu ya kuchagua masomo ya kidato cha tano. Ndiyo maana naanzia huko. Kijana wa bonde la Kilombero anayependa sayansi amekulia mahali ambapo sayansi inafanyika uani kwao: amewaona watu wa Taasisi ya Afya Ifakara wakitega mitego ya mbu alfajiri, amelala ndani ya chandarua, kama wazazi wake walivyolala utotoni ndani ya vile vilivyouzwa kwa jina la Zuia Mbu miaka ya tisini, huenda ana ndugu aliyefanya kazi Kining'ina kwenye vile vibanda vikubwa vya wavu ambako mbu hufugwa ili wachunguzwe. Ukimuuliza anataka kuwa nani, atasema daktari au mtafiti wa malaria. Ukimuuliza atachukua tahasusi gani, atasema PCB, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia. Na ukimuuliza kwa nini si PCM, yenye Hisabati mahali pa Biolojia, atacheka kidogo: hesabu za nini, mimi nasomea watu.

Jibu hilo, linalotolewa akiwa na miaka kumi na sita au kumi na saba, ndilo linaloamua atakutana na kalkulasi ya aina gani chuo kikuu, au kama atakutana nayo kabisa.

Kwingineko swali huja baadaye na huulizwa waziwazi. Harvard ina ngazi nzima kwa wanafunzi wapya: Math Ma kwa anayetaka kwenda taratibu, halafu 1a, 1b, 21a, mpaka Math 55 inayowatisha hata waliozoea kuwa wa kwanza. Mwanafunzi hupimwa, hushauriwa, kisha huchagua. Kenya, chini ya mfumo wa 8-4-4, hisabati ilikuwa lazima kwa kila mtu hadi kidato cha nne na kalkulasi ilikuwa ndani ya silabasi ya mwaka huo wa mwisho, hivyo hata aliyekwenda kusomea sheria alikuwa amewahi kutafuta mteremko wa mchirizo. Uganda wana Hisabati kamili na ile ndogo wanayoiita Sub-Math, mpangilio unaofanana na wetu.

Wetu wa Tanzania ni huu. Anayechukua PCM, PGM au EGM anasoma Hisabati ya Juu kama somo kamili, karatasi mbili za mtihani, na ndani yake kuna diferensiesheni, intigresheni na milinganyo ya diferensia. Anayechukua PCB au CBG anasoma BAM (Basic Applied Mathematics), karatasi moja, somo la nyongeza. Mwaka 2024 serikali iliongeza tahasusi mpya hadi jumla ikafika 65, lakini njia panda ni ileile: ama una hisabati kamili, ama una BAM, ama huna. Baada ya hapo mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu hufunga milango mmoja baada ya mwingine. Uhandisi unadai Fizikia na Hisabati ya Juu. Programu nyingine zinakubali BAM, au alama fulani ya Hisabati ya kidato cha nne. Udaktari hauulizi kalkulasi. Ukishadahiliwa, hakuna mtu anayekuwekea menyu mezani. Programu yako imekuja na ratiba yake, na kozi ya hisabati iliyomo ndiyo utakayosoma.

Kwa hiyo ushauri wa kawaida, ule wa "chagua kozi inayokufaa", unamfikia kijana wa Idete akiwa ameshachagua bila kujua. Nadhani ni bora kumwambia mapema nini hasa alikuwa akichagua. Na hakuna mahali pazuri pa kulionyesha hilo kuliko kwa mbu wenyewe.

Ronald Ross aligundua mwaka 1897, akiwa India, kwamba mbu ndiye anayebeba vimelea vya malaria, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1902. Hadithi hiyo tunafundishwa. Ambayo hatufundishwi ni kwamba Ross alikuwa daktari aliyejifunza hisabati peke yake, kwa mapenzi yake, na kwamba yeye mwenyewe aliithamini sana kazi yake ya hisabati. Wakati wake wengi waliamini kuwa huwezi kuondoa malaria bila kuua kila mbu, kwa hiyo hakuna haja ya kujisumbua. Ross aliandika milinganyo iliyoonyesha kuwa hilo si kweli: mbu wakipungua chini ya kiwango fulani, ugonjwa hufifia wenyewe, kwa sababu wagonjwa wanaopona wanakuwa wengi kuliko wanaoambukizwa. Alichofanya ni kueleza idadi ya wagonjwa kwa kasi ya kubadilika kwake. Hiyo ni kalkulasi, na ni ile ambayo mwanafunzi wa PCB hakuifikia darasani.

Miaka ya hamsini akaja George Macdonald wa London, akauliza jambo dogo zaidi lenye matunda makubwa zaidi. Mbu akishanyonya damu yenye vimelea hawezi kuambukiza siku hiyohiyo. Vimelea vinahitaji muda kukomaa tumboni mwake hadi vifike kwenye mate, na kwenye joto kama la bondeni tuseme siku kumi. Mbu wengi hufa kabla. Sasa tuseme kila siku mbu 90 kati ya 100 wanaiona kesho. Baada ya siku kumi wamebaki takriban 35. Tuseme badala yake, kwa sababu kuna dawa ukutani au kwenye chandarua, wanaoiona kesho ni 80 kati ya 100. Baada ya siku kumi wamebaki 11. Mpaka hapa hujahitaji zaidi ya kuzidisha; mtoto wa kidato cha pili mwenye kikokotoo anafika.

Lakini hao 35 hawafi siku ya kumi na moja. Wanaendelea kuuma, kila siku wakipungua. Ili ujue ni siku ngapi za hatari watakazoishi kwa jumla, unatakiwa ujumlishe mkia wote wa siku hizo, ambao haukomi, unazidi tu kuwa mwembamba. Hiyo ni intigresheni. Ukiifanya, mbu 100 wa kundi la kwanza wanakupa takriban siku 331 za hatari; wale wa kundi la pili wanakupa 48. Hatari imeshuka karibu mara saba, na ulichopunguza ni kumi katika tisini. Kama badala yake ungeamua kuua nusu ya mbu kwa kufukia madimbwi, ungepata nusu tu, siku 165 au 166. Ndiyo sababu mapambano ya malaria yalielekezwa kwenye maisha ya mbu mkubwa, na ndiyo sababu vyandarua vyenye dawa vilipoenea Kilombero na Ulanga mwishoni mwa miaka ya tisini, watafiti walipima na kuona uhai wa watoto wadogo umeboreka kwa asilimia 27 kwa wanaovitumia.

Tazama sasa ngazi zilivyo. Kuzidisha kulikupeleka hadi siku ya kumi. Mkia unahitaji logi na intigresheni, na mwenye BAM aliyoisoma kwa kuielewa anafika mlangoni na kuingia kwa juhudi kidogo. Milinganyo ya Ross inahitaji Hisabati ya Juu au kozi ya mwaka wa kwanza wa chuo. Swali ni lilelile, mbu ni walewale, tofauti ni umbali unaoweza kutembea nao. Huo ndio uchaguzi aliokuwa akiufanya kijana wetu alipoandika PCB kwa kudhani anaikimbia hesabu: alikuwa akiamua ataishia wapi kwenye swali lake mwenyewe.

Sisemi kila apendaye biolojia aende PCM. Anayetaka kutibu watu Hospitali ya Mtakatifu Francis pale Ifakara anahitaji PCB yake, na jirani ya hospitali hiyo kuna chuo kikuu kishiriki kinachofundisha udaktari ambacho hakitamuuliza kuhusu intigresheni. Ninachosema ni kwamba BAM isidharauliwe. Shule nyingi huichukulia kama somo la kupita nalo, wanafunzi wanaokota S na kuendelea na Kemia. Kwa mtafiti wa kesho, S hiyo ndiyo gharama kubwa kuliko zote alizolipa sekondari, ila risiti inakuja miaka saba baadaye, kwenye shahada ya uzamili, pale msimamizi anapomwambia atengeneze modeli.

Sasa tuje kwa yule ambaye milango yake imefunguka. Amemaliza PCM, ana C au B ya Hisabati ya Juu, matokeo yametoka Julai, na anatakiwa kuomba programu. Hapa uchaguzi wa kweli upo, ingawa unavaa nguo nyingine. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mfano, hisabati ya mwaka wa kwanza haifundishwi kwa sura moja. Wanaosomea hisabati yenyewe wanaanza na misingi ya uchambuzi: seti, mifuatano, maana halisi ya kikomo. Wahandisi na wengineo wana kozi zao walizotengewa wasio wanahisabati, zinazokwenda haraka kwenye matrisi, diferensiesheni na milinganyo. Majina ya mada yanafanana sana ukiyasoma kwenye kitabu cha programu. Kazi hazifanani hata kidogo. Mtihani wa Baraza la Mitihani unapenda neno "tafuta". Kozi ya wahandisi inasema "tafuta" kwa namba mbaya zaidi. Kozi ya wanahisabati inasema "thibitisha", na mwanafunzi aliyepata A kwa kukariri njia za kutafuta anaweza kukaa mbele ya neno hilo saa nzima na karatasi nyeupe.

Nimeona vijana wakichagua kati ya hizi mbili kwa kigezo cha mkopo wa Bodi ya Mikopo, kwa kigezo cha ajira, kwa kigezo cha mjomba. Vyote ni vigezo halali. Mjomba ndiye mara nyingi anayelipa nauli. Lakini kwa upande wa hisabati kigezo ni kimoja, nacho si alama iliyoandikwa kwenye cheti. Ni aljebra.

Chukua mfano mdogo. Mwalimu anataka utafute mteremko wa grafu ya x² kwa kuanzia kwenye chanzo. Unaandika (x + h)², unatoa x², unagawa kwa h, unaiacha h ipungue hadi sifuri. Ukifungua mabano vizuri unapata x² + 2xh + h², na mwisho wa safari unapata 2x. Mwanafunzi aliyeandika, kama maelfu wanavyoandika tangu kidato cha pili, kwamba (x + h)² ni x² + h², anabaki na h² peke yake, anagawa kwa h, anapata h, anaiacha iende sifuri. Jibu lake: mteremko ni sifuri kila mahali. Yaani ile grafu inayopaa mbele ya macho yake imelala chali. Kalkulasi yake haina kosa lolote. Kila hatua ya kikomo ameifanya sawa. Kilichomwangusha ni mabano.

Na mabano hayo huwa na historia. Bondeni, msimu wa kilimo unapoanza familia nyingi huhamia kwenye vibanda vya shambani, mbali na kijiji, na mvua za Machi hadi Mei zinalikata bonde vipande. Mtoto anakosa wiki mbili tatu. Kwenye Historia atazisoma baadaye. Kwenye Hisabati wiki hizo mbili zilikuwa za kufungua mabano, na kila kilichofuata kilijengwa juu yake. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2023 yalionyesha kuwa waliofaulu Hisabati nchi nzima ni takriban robo ya watahiniwa, na hiyo ilikuwa ni nafuu kuliko mwaka uliotangulia. Katika robo hiyo wamo pia waliofaulu wakiwa na mashimo yao, wakayabeba hadi kidato cha sita, wakayafunika kwa tuisheni, na sasa wanayapeleka Dar es Salaam ndani ya begi.

Habari njema ni kwamba mashimo ya aljebra huzibika, na muda upo. Mtihani wa kidato cha sita huisha Mei. Vyuo hufunguliwa Oktoba au Novemba. Katikati kuna JKT kwa walioitwa kwa mujibu wa sheria, kuna mavuno ya mpunga, kuna kungoja matokeo. Lakini zinabaki wiki za kutosha kwa anayejua anatafuta nini. Asifungue kitabu cha kalkulasi. Hilo ndilo kosa la wenye bidii: wanakimbilia kusoma mada za chuo kabla ya chuo, wanafika Oktoba wakijua jina la kila kitu. Arudi kwenye vitabu vya kidato cha tatu na cha nne. Afungue mabano, arahisishe sehemu zenye herufi juu na chini, atatue milinganyo ya logi bila kikokotoo, achore grafu za sine na kosine kwa mkono akitumia radiani badala ya digrii. Ajiulize (x² − 9) ikigawanywa kwa (x − 3) inakuwa nini, halafu ajiulize inakuwa nini pale x inapokuwa 3 yenyewe, na asiridhike mpaka aweze kumweleza mdogo wake kwa nini majibu hayo mawili si jambo moja. Swali hilo la pili ndilo kalkulasi nzima ikiwa bado mbegu.

Akiyafanya hayo akagundua kuwa swali la "kwa nini" linamvutia kuliko jibu, huyo aombe hisabati yenyewe, hata kama alama yake ni C. Akigundua kuwa anataka jibu lifanye kazi fulani, lisimamishe daraja kama lile la mita 384 la mto Kilombero lililozinduliwa mwaka 2018, au likadirie mafuriko ya msimu ujao, aende na wahandisi bila kuona aibu. Mwenye A asijidanganye kuwa anaweza kuruka mihadhara ya mwanzo kwa sababu mada anazijua. Wengi wanaokamatwa na sup, mtihani wa marudio, ya muhula wa kwanza ni wale waliojua mada. Na mwenye BAM aliyepenya kwenye programu yenye kalkulasi, tuseme ya uchumi au ya sayansi ya mazingira, asikae nyuma ya ukumbi akitegemea madesa. Anaanza hatua moja nyuma ya wenzake, na hatua moja hulipwa kwa seminari za wiki nne za kwanza kama hatakosa hata moja. Baada ya jaribio la kwanza bei inapanda, na hapo ndipo habari za kudisco, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli, huanza kusikika vyumbani.

Kabla ya hayo yote kuna jambo moja la kufanya wiki ya kwanza chuoni. Watafute wa mwaka wa pili, uwaombe jaribio la kwanza la mwaka jana la kozi yako. Kila kozi ina karatasi hizo zinazozunguka hosteli. Kaa nalo saa nzima bila simu, kisha lisahihishe na mmoja wao. Usihesabu maksi. Angalia ulikwama wapi: kama ulikwama kwenye jambo ambalo hujawahi kufundishwa, uko mahali sahihi, kwa sababu ndilo watakalokufundisha. Kama ulikwama kwenye mabano, logi na sehemu, una wiki tatu za kazi ya usiku. Na kama hukuelewa kwa nini mtu yeyote angependa kuuliza maswali ya namna hiyo, nenda kwa mkuu wa idara ukiwa na hiyo karatasi mkononi na matokeo yako ya kidato cha sita. Uhamisho wa programu una dirisha lake, hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka wa masomo na hufungwa mapema, na dirisha hilo halimngoji mtu aliyekuwa bado anajipa moyo.